Kanisa la Mkunazini: Jengo Linalosomeka



Umejifunza kusoma herufi, maneno na sentensi. Sasa unasoma barua yako mwenyewe bila kumpa mtoto wa jirani. Hilo ni jambo kubwa. Lakini vitabu na barua si vitu pekee vinavyosomeka. Mkulima husoma mawingu. Mvuvi husoma maji. Na jengo la zamani nalo husomeka, ukijua pa kuangalia na maswali ya kuuliza.

Leo tutasoma jengo moja. Ni Kanisa Kuu la Kristo, la Waanglikana, lililoko Mkunazini katika Mji Mkongwe wa Unguja. Watu wengi huliita tu Kanisa la Mkunazini. Ni kanisa la Wakristo, lakini limejengwa katika mji wa Waislamu, kwa mawe na chokaa ya mji huo. Ndiyo maana ukilitazama unaona mambo mawili pamoja: ujenzi wa makanisa ya Ulaya na ujenzi wa misikiti na majumba ya pwani.

Niliingia humo mara ya kwanza pamoja na wanakisomo 14 kutoka kijiji kimoja cha pwani ya bara. Walikuwamo Waislamu na Wakristo. Baadhi yao waliuliza kabla ya safari, "Mwalimu, sisi tutaingiaje kanisani?" Niliwaambia, "Tunakwenda kusoma. Hatuendi kusali." Wakakubali. Nitakueleza tuliyoyaona, ili siku moja nawe ukifika uweze kuyasoma mwenyewe.

Mahali penyewe

Kabla ya kanisa, pale Mkunazini palikuwa na soko. Bidhaa iliyouzwa ilikuwa binadamu.

Watu walikamatwa bara, wengi wao kutoka pande za Ziwa Nyasa. Walitembezwa kwa miguu, wakiwa wamefungwa, hadi pwani. Kisha walipakiwa katika majahazi na kuletwa Unguja. Wengi walikufa njiani. Waliofika waliuzwa kwa mnada. Wengine walibaki Unguja na Pemba kulima mashamba ya mikarafuu. Wengine walipelekwa Uarabuni na nchi nyingine.

Tarehe 5 Juni 1873 Sultani Barghash bin Said alitia sahihi mkataba na Waingereza. Alifanya hivyo kwa kushinikizwa, kwa sababu Waingereza walitishia kuifunga bandari kwa manowari zao. Mkataba huo ulipiga marufuku kusafirisha watumwa kwa njia ya bahari, na ulifunga masoko yote ya watumwa katika nchi ya Sultani. Soko la Mkunazini likafungwa.

Angalia jambo moja hapa. Soko lilifungwa mwaka 1873, lakini utumwa wenyewe haukuisha mwaka huo. Waliokuwa watumwa mashambani waliendelea kuwa watumwa. Sheria ya kuondoa hali ya utumwa Unguja na Pemba ilitolewa mwaka 1897, yaani miaka 24 baadaye. Mtu akikuambia kwamba utumwa uliisha siku soko lilipofungwa, mwambie ahesabu miaka.

Waliojenga

Wamisionari wa Kianglikana walikuwa wamefika Unguja mwaka 1864. Misheni yao ilianzishwa baada ya hotuba za David Livingstone huko Uingereza, alipoeleza mateso ya watumwa aliyoyaona Afrika. Soko lilipofungwa, kasisi mmoja wa misheni hiyo, Arthur West, alinunua sehemu ya kiwanja. Sehemu nyingine ilitolewa na tajiri mmoja wa Kihindi, Jairam Senji. Tajiri huyu alikuwa Mhindu. Kwa hiyo hata ardhi ya kanisa hili haikutoka katika mkono wa dini moja.

Jiwe la msingi liliwekwa siku ya Krismasi mwaka 1873. Ni miezi sita na kitu tu baada ya soko kufungwa. Ibada ya kwanza ilifanywa siku ya Krismasi mwaka 1877, na ujenzi ukakaribia kwisha kufikia mwaka 1880.

Aliyesimamia kazi hiyo ni Askofu Edward Steere. Lakini askofu hakubeba mawe peke yake. Kazi ilifanywa na mikono ya hapa hapa Unguja. Miongoni mwa wafanyakazi walikuwamo watu waliokombolewa kutoka utumwani. Fikiri, ndugu msomaji: mtu aliyeletwa Unguja kama bidhaa anajenga ukuta juu ya uwanja wa soko lile lile.

Boriti ziko wapi?

Katika kundi letu alikuwamo mzee mmoja, fundi mwashi. Amejenga nyumba za mawe na chokaa tangu ujana wake. Tulipoingia kanisani, wenzake walitazama madhabahu na vioo vya rangi. Yeye aliinua kichwa akatazama paa. Akakaa kimya muda mrefu. Kisha akaniuliza, "Mwalimu, boriti ziko wapi?"

Lilikuwa swali zuri kuliko maswali yote ya siku ile. Nitakueleza kwa nini.

Nyumba za mawe za Unguja, Lamu na Mombasa hujengwa kwa mawe ya matumbawe. Mawe hayo hushikanishwa kwa chokaa, ambayo hupatikana kwa kuchoma matumbawe yenyewe. Juu ya kuta hulazwa boriti za mikoko. Juu ya boriti huwekwa mawe na chokaa, ikapatikana dari nzito na imara.

Lakini boriti ya mkoko ina kipimo chake. Kwa kawaida haizidi mita 3 hivi. Ikiwa ndefu zaidi, itapinda kwa uzito wa mawe. Ndiyo sababu vyumba vya nyumba za zamani za mawe ni virefu na vyembamba. Si kwamba wenye nyumba hawakupenda vyumba vipana. Boriti ndiyo iliyoamua.

Sasa, ndani ya kanisa hili upana kati ya ukuta na ukuta ni zaidi ya mara mbili ya urefu wa boriti, na hakuna boriti hata moja. Paa limejikunja juu kama pipa lililopasuliwa katikati kwa urefu wake, kisha nusu moja ikafunikwa juu ya kuta. Limetengenezwa kwa matumbawe yaliyopondwa na kuchanganywa na saruji. Wakati ule watu wengi walimwambia askofu kwamba paa lile litaanguka. Halijaanguka hadi leo, na sasa ni zaidi ya miaka 140.

Kwa nini halianguki? Chukua kifuu cha nazi, ukifunike chini, kisha ukikandamize kwa kiganja. Hakivunjiki kwa urahisi. Kitu kilichojikunja hupokea uzito juu na kuupeleka pembeni hadi chini. Lakini kinasukuma pembeni vilevile, kama miguu ya mtu aliyesimama amejipanua penye utelezi. Kwa hiyo paa la namna hii huhitaji kuta nene za kulizuia. Mzee wetu aliugusa ukuta, akaupima kwa mkono, akatikisa kichwa kwa kuridhika. "Hapa ndipo zilipo boriti," alisema. "Ni ukuta."

Je, paa la namna hii lililetwa na Wazungu? Hapa lazima tuwe waangalifu. Saruji ya kiwandani ilikuwa ngeni wakati ule. Lakini paa la matumbawe lililojikunja halikuwa geni pwani. Nenda Kilwa Kisiwani ukautazame Msikiti Mkuu. Sehemu yake kubwa ilijengwa katika miaka ya 1300, yaani zaidi ya miaka 500 kabla ya kanisa hili. Mapaa yake ni ya mawe ya matumbawe na chokaa. Mengine ni makuba, na mengine yamejikunja kama pipa. Mafundi wa pwani walikuwa wanalijua jambo hili zamani.

Tao ni la nani?

Jambo la pili la kusoma ni matao. Tao ni sehemu ya ukuta iliyojikunja juu ya mlango, juu ya dirisha au kati ya nguzo na nguzo. Mengine ni ya duara. Mengine yana ncha juu, kama ncha ya jani au kama viganja viwili vilivyokutana vidole.

Katika kanisa hili utaona matao yenye ncha. Mkristo aliyeona picha za makanisa makubwa ya Ulaya atasema, "Haya ni matao ya kanisa." Mwislamu aliyezoea misikiti ya zamani ya pwani atasema, "Haya ni matao ya msikiti." Nani mkweli?

Wote wawili ni wakweli. Mjini Cairo, nchini Misri, kuna Msikiti wa Ibn Tulun. Ujenzi wake ulimalizika mwaka 879, na una safu nyingi za matao yenye ncha. Huko Ufaransa, makanisa ya mtindo unaoitwa Gothiki, yenye matao ya ncha, yalianza kujengwa katika miaka ya 1140. Toa 879 katika 1140 uone tofauti. Ni zaidi ya miaka 260. Waislamu walikuwa wakilitumia tao hilo kabla Wakristo wa Ulaya hawajalipenda na kulifanya alama ya makanisa yao.

Hapa kwetu, msikiti wa Kizimkazi, kusini mwa kisiwa cha Unguja, una maandishi yaliyochongwa katika mawe ya kibla. Yanataja mwaka 500 wa Hijria, ambao ni mwaka 1107. Kwa hiyo kusali ndani ya nyumba za mawe ya matumbawe ni jambo la kale katika kisiwa hiki.

Wataalamu wa majengo husema Kanisa la Mkunazini ni mchanganyiko wa mtindo wa Gothiki na mtindo wa Kiislamu. Sasa unajua maana yake. Umbo la kanisa ni la Ulaya: jengo refu, lango upande wa magharibi, madhabahu upande wa mashariki, na mnara. Mawe, chokaa na ustadi wa mikono ni vya pwani. Na matao yenye ncha yamepita katika dini zote mbili kabla ya kufika Mkunazini.

Yaliyomo ndani

Ukiingia kwa lango la magharibi, utaona nguzo 12. Wenyeji husimulia kwamba askofu alikuwa safarini zilipowekwa. Mafundi hawakuwa wameona nguzo za namna ile, wakazisimamisha juu chini. Askofu aliporudi aliziona, akaziacha zilivyo. Zipo hivyo hadi leo. Zitazame vizuri, uone kichwa chake ni kipi na mguu wake ni upi.

Mbele, karibu na madhabahu, utaona duara la marumaru sakafuni. Husimuliwa kwamba hapo ulikuwa mti au nguzo ambapo watumwa walifungwa na kuchapwa, ili wanunuzi waone nani ana nguvu. Katika kundi letu hakuna aliyelikanyaga duara lile. Hakuna aliyetukataza. Nyuma ya madhabahu amezikwa Askofu Steere, aliyefariki mwaka 1882.

Katika nguzo moja upo msalaba mdogo wa mti. Unasemekana umetengenezwa kwa mti ambao chini yake ulizikwa moyo wa Livingstone. Livingstone alifariki mwaka 1873 katika kijiji cha Chitambo, ambacho sasa kiko Zambia. Wafuasi wake, Chuma, Susi na wenzao, walizika moyo wake pale pale. Kisha waliukausha mwili wake na kuubeba kwa miezi mingi hadi Bagamoyo, ukasafirishwa Unguja na mwisho Uingereza. Vioo vya rangi vya madirishani navyo vina kumbukumbu. Kimoja ni cha Livingstone. Vingine ni vya mabaharia wa Kiingereza waliokufa katika kazi ya kuzuia majahazi ya watumwa.

Lakini tulipotoka ndani, mama mmoja wa kundi letu alisema, "Nimeona majina ya Wazungu. Majina ya watumwa yako wapi?" Hayakuandikwa. Waliouzwa hawakuandikiwa majina yao ukutani, na wao wenyewe hawakupewa nafasi ya kujifunza kuandika. Tukio kubwa likitokea, anayejua kuandika ndiye anayebaki katika kumbukumbu. Liweke moyoni jambo hilo wakati mwingine unapotaka kukosa darasa.

Mnara na saa

Kanisa lina mnara wenye saa. Masimulizi ya mjini yanasema hivi: Sultani Barghash alimwomba askofu asijenge mnara mrefu kuupita Beit al-Ajaib, jumba lake la ufukweni. Askofu akakubali, na Sultani akafurahi, akatoa saa hiyo kuwa zawadi.

Ni habari nzuri. Lakini yule mama alikuwa ameandika miaka katika daftari lake. Miaka miwili nyuma alikuwa akitia dole gumba badala ya sahihi. Akauliza, "Mwalimu, umesema askofu alifariki 1882. Na kitabu kinasema jumba la Sultani lilijengwa 1883. Marehemu alizungumzaje na Sultani?"

Tulicheka, lakini swali lilikuwa la maana. Inawezekana walizungumza jumba likiwa bado linaandaliwa. Kwa hiyo hatuwezi kusema habari hiyo ni uongo. Lakini tunajua sasa kwamba ni masimulizi, na masimulizi hupimwa. Ukiwa na kalamu na miaka miwili mitatu ya kukumbuka, unaweza kupima habari unayoambiwa na mtu yeyote, hata akiwa mwenye elimu kuliko wewe.

Jumba hilo la Beit al-Ajaib lilipatwa na msiba. Sehemu yake iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020, na watu wawili wakafa. Majengo ya matumbawe hudumu ikiwa yanatunzwa. Maji yakiingia katika chokaa, ukuta hulegea polepole, na siku moja huanguka. Kanisa la Mkunazini nalo lilihitaji matengenezo makubwa, yakafanywa katika miaka ya 2010.

Nje ya kanisa

Uwanjani kuna shimo lililojengewa. Ndani yake zimesimama sanamu tano za watu wenye minyororo shingoni. Sanamu hizo zilitengenezwa mwaka 1998 na msanii kutoka Sweden, Clara Sörnäs. Nyuso zao hazikutazami. Simama kidogo hapo. Hapahitaji maelezo mengi.

Karibu yake lipo jengo jingine la misheni. Chini yake vipo vyumba vya giza na vyenye dari fupi. Wageni huambiwa kwamba watumwa walifungiwa humo kabla ya mnada. Wapo wanahistoria wanaosema kwamba jengo lile lilijengwa na misheni baada ya soko kufungwa, na kwa hiyo vyumba hivyo havikuwa vya watumwa. Ukiingia, kumbuka maneno ya pande zote mbili. Mateso ya watumwa ni ya kweli, tena yana ushahidi mwingi. Hayahitaji kuongezewa chumvi.

Wapo watu wanaofika Mkunazini wakaondoka na chuki. Mmoja husema, "Kumbe Waislamu ndio waliouza watu." Mwingine hujibu, "Kanisa limejengwa hapa ili kutusuta." Wote wawili hawajasoma hadi mwisho. Ni kweli kwamba wafanyabiashara wengi wa watumwa wa Unguja walikuwa Waarabu na Waswahili Waislamu. Ni kweli pia kwamba matajiri wa Kihindi walikopesha fedha za misafara, na kwamba huko bara wapo machifu na wafanyabiashara Waafrika waliouza watu. Na ni kweli kwamba Wakristo wa Ulaya walinunua na kuuza Waafrika kwa zaidi ya miaka 300 katika Bahari ya Atlantiki. Hata Kilwa walifika Wafaransa kununua watu kwa mashamba yao ya visiwani. Dhambi ile haikuwa na dini moja wala rangi moja. Ilikuwa na faida, na faida iliwapofusha wengi.

Kanisa na lugha yetu

Jambo la mwisho linakuhusu wewe hasa, kwa sababu unasoma ukurasa huu.

Askofu Steere hakujenga kuta tu. Alijifunza Kiswahili kwa wenyeji wa Unguja. Mwaka 1870 alitoa kitabu cha kufundishia Kiswahili cha Unguja. Mwaka huo huo alitoa kitabu cha hadithi alizosimuliwa na wenyeji. Misheni ilikuwa na mashine ya kuchapia, na vitabu vya Kiswahili vilichapwa hapo Unguja kwa herufi unazozisoma sasa.

Lakini usidhani Kiswahili kilianza kuandikwa wakati huo. Kwa mamia ya miaka kabla yake, Waswahili waliandika lugha yao kwa herufi za Kiarabu. Waliandika barua, mikataba na tenzi ndefu. Steere aliikuta lugha iliyokwisha kukomaa, yenye wasomi wake. Baadaye, mwaka 1928, wajumbe walikutana Mombasa wakachagua Kiswahili cha Unguja kuwa msingi wa Kiswahili Sanifu.

Basi lugha unayoisoma ni kama lile kanisa. Ina mawe ya Kibantu, ina chokaa ya Kiarabu, na imeandikwa kwa herufi zilizoletwa kutoka Ulaya. Hakuna anayeweza kuipasua na kuchukua sehemu yake peke yake.

Ukitaka kwenda

Kutoka Dar es Salaam ziko boti za kwenda Unguja kila siku. Boti ya mwendo wa kasi huchukua saa 2 hivi. Utashuka bandarini Malindi. Kutoka hapo unaweza kwenda kwa miguu. Uliza njia ya Darajani sokoni, kisha uliza Mkunazini. Mtu yeyote atakuonyesha.

Vaa nguo za heshima, zinazofunika mabega na magoti. Chukua kitambulisho chako. Wageni wanaotembelea hulipa kiingilio langoni, kwa hiyo uliza kwanza bei ya wananchi. Ukikuta ibada inaendelea, subiri nje mpaka imalizike. Mwanamume avue kofia anapoingia kanisani. Usipige picha watu wanaosali. Usichore wala kuandika jina lako ukutani. Jina lako liandike katika daftari lako.

Na ukitoka, simama uwanjani uinue macho. Utaona mnara wa kanisa, na karibu yake utaona mnara wa msikiti. Sisi tulikuwa pale wakati wa adhuhuri. Adhana ilisikika, na Waislamu wa kundi letu wakaenda kuswali. Wakristo wakawasubiri kwenye kivuli, wakiwashikia mikoba. Kisha tukaenda wote kula.

Tuliporudi kijijini, mzee mwashi aliwaeleza vijana wake habari za paa lile. Mwezi uliofuata aliniomba nimwandikie barua kwa ofisi ya mambo ya kale, kuhusu msikiti wa zamani wa kijijini ambao chokaa yake imeanza kumomonyoka. Nilimpa kalamu. Nikamwambia, "Mzee wangu, andika mwenyewe." Ilimchukua siku tatu, lakini aliiandika.

Maneno ya kukumbuka

Boriti: mti wa mkoko unaolazwa juu ya kuta ili kushikilia dari.
Matumbawe: mawe ya baharini yanayotumika kujengea na kuchomwa kupata chokaa.
Tao: sehemu ya ukuta iliyojikunja juu ya mlango, juu ya dirisha au kati ya nguzo.
Madhabahu: meza takatifu ya kanisani.
Kibla: upande wa Makka, ambao Waislamu huuelekea wanaposwali.
Masimulizi: habari inayopokewa kwa mdomo.

Maswali

1. Soko la watumwa la Mkunazini lilifungwa mwaka gani? Sheria ya kuondoa utumwa Unguja na Pemba ilitolewa mwaka gani?
2. Kwa nini vyumba vya nyumba za zamani za mawe ni vyembamba?
3. Paa la Kanisa la Mkunazini linashikiliwa na nini, ikiwa halina boriti?
4. Taja habari mbili katika somo hili ambazo ni masimulizi. Umejuaje?
5. Kwa nini majina ya watumwa hayakuandikwa kanisani?
6. Je, katika kijiji chako lipo jengo la zamani, kaburi, kisima au ukuta? Waulize wazee watatu habari zake. Andika sentensi tano katika daftari lako, kisha uwasomee wenzako darasani.